Kiganja cha Mheshimiwa Mtunguja

Nchi hiyo ipo, na mtu akibisha, tazama kwanza amekuja na gari la nani. Jina lake silitaji, wala si kwa woga. Ni kwa sababu ya pensheni, ambayo katika nchi hiyo huwafikia zaidi wanaosahau vizuri. Ina bendera, ina wimbo, ina Mtukufu Mkuu wa Nchi, na ina Bunge lenye kuba la rangi ya dhahabu ambalo hata kunguru hawatui juu yake. Watu wasiojua mambo hudhani Bunge ni mahali pa kusema. Wenzetu wale walikwisha kuendelea, hatua hiyo wakaivuka zamani.

Chanzo chake ni Mwasisi wa Taifa, Mungu amweke anapostahili. Alikuwa mzito wa masikio. Wabunge wa mwanzo walimhutubia mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, naye akitabasamu tu na kuuliza kama chakula kiko tayari. Siku moja mbunge mmoja akashikwa na hasira, akapiga meza kwa kofi. Mwasisi alikuwa ameegemeza kiwiko kwenye meza hiyohiyo. Akashtuka, akasema, "Naam, hilo limenifika. Naliafiki." Watu wakatazamana. Yule mbunge alikuwa anapinga, lakini jambo hilo halikuonekana la maana. Kuanzia hapo hotuba zikafa, zikabaki meza.

Mwasisi akazikwa, warithi wake wakaja na masikio mazima, lakini nani angethubutu kugusa mila. Badala yake waliiongezea utaalamu. Waliichukua mitambo yote ya Idara ya Matetemeko ya Ardhi, na tangu hapo matetemeko huingia nchini humo bila kutangazwa. Wakafukia nyaya chini ya ardhi kutoka Bungeni na kutoka kila jimbo hadi ikulu, na huko, mbele ya kiti cha Mtukufu Mkuu, wakaweka saa kubwa yenye mshale wa Bunge na mshale mdogo wa kila jimbo. Meza zikipigwa, mshale unapanda. Ukipanda, muswada umepita. Ukipanda sana, muswada umependwa. Saa hiyo ina upande mmoja tu. Fundi aliyeuliza mshale utaelekea wapi watu wakikataa, alipewa likizo ambayo hadi leo hajaimaliza.

*

Ezekia Mtunguja alikuwa mtu wa Kwamgoyo, kijiji cha milimani chenye ardhi ya mawe, mahindi mafupi na chemchemi moja. Chemchemi hiyo ndiyo ilikuwa Kwamgoyo yenyewe. Maji yalitoka chini ya jabali, baridi hadi meno yanauma, masika na kiangazi. Ezekia alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Yudita, mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, ambaye alikuwa na jiwe lake la kufulia hapo kwenye chemchemi. Hakuna mwingine aliyelitumia, kwa heshima na kwa hofu.

Wakati wa uchaguzi kulikuwa na maneno kwamba wakubwa fulani wanaitamani chemchemi. Ezekia akavua viatu, akaingia majini mbele ya umati, akaapa kwamba akienda Bungeni atasimama na kuisemea Kwamgoyo mpaka kuba lianguke. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi Yudita hakupiga. Alichota maji kwa kata, akamnywesha kwa mkono wake, kisha akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika utotoni alipokataa kuoga.

"Ezekia, baba," akasema, "mimi sikutumi nguo wala gari. Nakutuma mdomo. Siku wakiyagusa maji haya, wewe simama useme. Hata wakikushinda, niambiwe tu kwamba ulisimama ukasema."

"Shangazi, nitasema mpaka waniombe nikae."

Jirani wa Shangazi, Mama Tumsifu, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kuliongezea la kwake, akasema kijana kanenepa mashavu hata kabla hajaondoka. Watu wakacheka. Basi akachaguliwa.

*

Siku yake ya kwanza Bungeni Ezekia alisimama kweli. Hilo lazima tumpe. Alisimama, akakohoa, akasema "Mheshimiwa Spika," na ukumbi mzima ukamgeukia kwa mshangao, kama mtu aliyeanza kuvua shati kanisani. Mnadhimu Mkuu, Bwana Kilindo, ambaye kazi yake ni kuhakikisha wabunge wa chama wanafikiri kwa wakati mmoja, akaja mbio akamketisha kwa upole, mkono begani.

"Unaumwa, ndugu yangu?"

"Hapana, nataka kusema."

"Huo ndio ugonjwa ninaouulizia." Kilindo akavuta kiti. "Sikiliza, Mheshimiwa. Mdomo ulikuleta hapa, tunaushukuru, sasa uache upumzike. Hapa tunakula kwa mdomo na kusema kwa kiganja. Hebu nionyeshe chako."

Ezekia akatoa mkono. Kabla ya siasa alikuwa mfyatua tofali, na kiganja chake kilikuwa kipana kama sahani ya wali. Kilindo akakigeuza huku na huku, akakibonyeza penye sugu, macho yakamlegea. Alisema katika utumishi wake wote hajaona kipaji kilichozikwa kijijini namna ile, na kwamba taifa lina bahati.

Ezekia alipelekwa kwenye semina elekezi, ng'ambo, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea ndani ya bwawa la kuogelea. Alifundishwa kofi la bajeti, ambalo ni zito na la taratibu. Alifundishwa ngumi ya uzalendo, na viganja viwili vya hali ya hatari. Alifundishwa pia lile pigo jepesi la vidole ambalo hutumika Waziri anapofanya mzaha, na ambalo, wakufunzi walionya, lisichelewe wala lisitangulie mzaha wenyewe. Lakini ustadi mkubwa kuliko yote, uliotenganisha wanafunzi na mabingwa, ulikuwa kupiga meza usingizini. Mbunge hulala, hukoroma, udenda hutoka, lakini Waziri akifika kwenye maneno "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja," mkono huinuka wenyewe na kushuka wenyewe, na mwenye mkono asijue amepitisha nini. Ezekia alihitimu akiwa wa kwanza. Alipopewa cheti, alikuwa amelala.

Alirudi akawa nguzo. Alipiga meza kwa ushuru wa chumvi, kwa ushuru wa kivuli, na kwa sheria iliyowatambua wagonjwa kuwa ni wavivu waliolala mapema. Meza za Bunge zilipasuka kwa wingi, kwa hiyo misitu ya mninga ikakatwa ili zitengenezwe mpya, na mbao za madawati ya shule zikachukuliwa kwa muda, muda ambao bado unaendelea. Watoto wa Kwamgoyo wakasoma wamekaa chini. Mheshimiwa Mtunguja aliteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Meza, akapewa shangingi, na kiganja chake kikapewa daktari wake. Daktari alikipaka mafuta ya mbegu ya maparachichi. Kiganja kikawa laini juu na kigumu ndani, kama mwenyewe.

Ila kilianza kuwa na mambo yake. Nyumbani, mkewe alipokuwa akisoma kwa sauti maelekezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, mkono ulipiga meza ya chakula na bakuli la mchuzi likaruka. Kanisani aliukalia wakati wa matangazo. Mtu yeyote akisoma karatasi kwa ile sauti ya kiserikali, ya puani, isiyojali imesema nini, mkono ulisimama. Daktari akasema si ugonjwa, ni ukomavu wa kisiasa.

*

Kisha Shangazi Yudita akafika mji mkuu. Alikuja na basi, amebeba dumu la maji ya chemchemi kwa sababu hakuamini maji ya mahali pengine, na pamoja naye alikuja Mama Tumsifu kwa sababu hakuamini habari zinazosimuliwa na wengine. Walikaa kwenye sebule ya Mheshimiwa pembeni kabisa ya kochi, kama watu wanaosubiri kufukuzwa. Shangazi akaeleza. Watu wamekuja na vigingi vyekundu, wameizunguka chemchemi, wamepima mpaka jiwe lake la kufulia. Wanasema kuna muswada.

Mheshimiwa alijua. Muswada uliitwa Sheria ya Kuikomboa Chemchemi ya Kwamgoyo kutoka kwa Wanywaji Wake. Mkombozi alikuwa kampuni ya maji ya chupa, mali ya shemeji wa Mtukufu Mkuu.

"Utasema?" Shangazi akauliza.

"Nitasema, Shangazi."

"Maana tumesikia huko kwenu siku hizi mnapiga meza."

"Hiyo ni itifaki tu."

"Sikujui wewe na itifaki. Nakujua wewe na mdomo." Akamimina maji katika bilauri, akamnywesha kama siku ile. Mama Tumsifu alikuwa akiutazama ule mkono uliotulia juu ya goti la Mheshimiwa, umenona, unang'aa kwa mafuta. Akasema, "Mkono huu umelelewa kuliko sisi sote." Safari hii hakuna aliyecheka.

Asubuhi ya muswada, Mheshimiwa Mtunguja aliingia ukumbini na kufanya jambo ambalo hakuna mbunge aliyewahi kulifanya: aliikalia mikono yake yote miwili. Juu kwenye jukwaa la wageni walikaa Shangazi na Mama Tumsifu, dumu katikati yao. Waziri akaanza kusoma kwa ile sauti. Alisoma jinsi wanakijiji walivyoinyonya chemchemi vizazi na vizazi bila leseni. Alisoma jinsi ng'ombe walivyokunywa bila kujiandikisha. Mheshimiwa akatokwa na jasho, kiti kikawa kinatetemeka chini yake, mikono ikigombana na makalio. Lakini ikashindwa. Walioona wanasema alikuwa amekwisha kufungua mdomo, na pumzi ameivuta.

Hapo Bwana Kilindo akapita nyuma yake, akainama kama mtu anayeokota kalamu.

"Mtukufu anatafuta Naibu Waziri wa Maji," akanong'ona. "Amenituma nikiangalie kiganja chako leo."

Akaenda zake. Waziri akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Na mikono ikatoka.

Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mikono ilichomoka kwa nguvu ya mazoea, kabla hajawahi kuizuia. Inawezekana, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba mtu akikalia mikono yake, haitoki mpaka yeye ainue makalio.

Pigo lile liliipasua meza ya mninga kutoka pembe hadi pembe. Mshale ulizunguka saa yote, ukarudi ulikoanzia, ukapanda tena. Huko ikulu Mtukufu Mkuu alisimama, habari ikaletwa ukumbini kwa simu, na anaposimama yeye hakuna anayebaki ameketi, kwa hiyo jukwaa la wageni nalo likalazimishwa kusimama, na Shangazi Yudita akasimamishwa na askari kwa kushikwa kwapa. Alitoka na dumu lake. Dumu walimnyang'anya mlangoni, kwa kuwa tangu dakika ile maji yale yalikuwa ya wizi.

*

Uzio wa chuma ukapanda Kwamgoyo. Maji yakaanza kutoka katika chupa zenye picha ya chemchemi na jina la Uzalendo. Wanakijiji wakahamia kwenye lambo la ng'ombe, wakakaribishwa na ng'ombe, ambao hawakuhitaji muswada. Maji yalikuwa ya kijani, na yalikuwa na vitu vinavyotembea. Mheshimiwa Mtunguja, sasa Naibu Waziri wa Maji, alitoa taarifa kwamba rangi ya kijani ni ishara ya mazingira bora.

Matumbo ya watu yakaanza kuharibika. Walianza watoto, kisha wazee, na katika wazee akawamo Shangazi Yudita. Naibu Waziri, ambaye moyo wake hakuna anayeutilia shaka, alimpelekea shangazi yake katoni ya Uzalendo kwa gari la serikali, na mpiga picha. Mama Tumsifu ndiye aliyesimulia yaliyotokea. Anasema Shangazi aliishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia picha muda mrefu. Katika picha ile, kushoto, jiwe lake la kufulia lilionekana wazi. Akairudisha katonini. Akasema Ezekia aambiwe kwamba maji yakija kwa gari si yetu tena, na kwamba kinywa alichokituma hakijarudi, angali anakisubiri. Akageukia ukutani. Siku chache baadaye akafa, midomo imepasuka kwa kiu, na katoni ikiwa pembeni haijafunguliwa chupa hata moja.

Serikali ikatangaza kwamba msiba ni wake. Kwa wenzetu wale mtu anaweza kukosa maji ya serikali, dawa ya serikali na barabara ya serikali, lakini akifa vizuri hakosi turubai la serikali. Wabunge wakaja kwa mabasi, kwa posho ya majonzi. Na kwa kuwa mninga ulikuwa umekwisha nchini, Bunge kwa heshima kubwa likatoa mbao zake lenyewe: ile meza iliyopasuka siku ya muswada ikaungwa, ikapigwa rangi, ikawa jeneza la Shangazi Yudita. Spika aliita hilo zawadi ya kihistoria. Mheshimiwa Mtunguja akaketishwa kiti cha mbele, karibu kabisa, kitambaa cheupe mfukoni, jeneza likiwa usawa wa kifua chake.

Mchungaji alitaka asome wasifu wa marehemu, akaambiwa itifaki hairuhusu. Akausoma Bwana Kilindo. Akavaa miwani, akaitafuta ile sauti ya puani, akaipata.

"Marehemu alizaliwa hapa Kwamgoyo, ambako alikunywa maji bila kibali hadi serikali ilipomwokoa. Aliugua tumbo. Alitapika, aliharisha, na kwa ushirikiano mkubwa na wataalamu wa afya, alifariki. Ameacha Naibu Waziri mmoja. Waombolezaji, naomba kutoa..."

Alitaka kusema pole. Hakuwahi.

Kiganja kilishuka juu ya jeneza. Meza ile kilikuwa kikiijua, mlio wake kilikuwa kikiujua, na kiliipiga kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani: kofi la bajeti, ngumi ya uzalendo, halafu viganja viwili. Nyuma yake wabunge waliokuwa wamesinzia wakaitika bila kufumbua macho, wakapiga viti, wakapiga migongo ya waliokaa mbele yao, mmoja akapiga ngoma ya kwaya. Maua yakadondoka kutoka juu ya jeneza. Naye Mheshimiwa alikuwa akilia, hilo nalo tumpe, machozi ya kweli yakimtiririka hadi kwenye tai, huku mikono ikiendelea.

Mama Tumsifu alisimama. Hakupiga kelele. Alimkamata Naibu Waziri vifundo vya mikono, mbele ya walinzi, akaibandua mikono ile kutoka kwenye jeneza kama mtu anayebandua kupe. "Mwache alale," akasema. "Umeshampitisha."

Ikulu, mshale ulipanda. Juma lililofuata Ezekia Mtunguja akawa Waziri kamili, kwa uzalendo usiojali undugu.

*

Uchaguzi ulipokaribia alikwenda kuomba kura. Kwamgoyo walimsubiri kwenye uwanja wa shule. Wanawake walikuja na ndoo tupu, wanaume na majembe, watoto na mawe. Alipofungua mdomo kusema "ndugu zangu," Mama Tumsifu akapiga ndoo yake. Wengine wakafuata. Walipiga ndoo, walipiga mabati, walitwanga vinu vitupu, walipiga ardhi kwa miguu hadi vumbi likaufunika msafara. Kila alipofungua mdomo walizidisha. Walikuwa wamekubaliana kwamba mtu aliyekataa kuwasemea hatasema kwao tena. Hatimaye akaingia garini akaondoka, kioo kimepandishwa, na kijiji kikapiga mpaka taa za nyuma zikapotea. Watu walikumbatiana. Walidhani wamemkataa.

Lakini nyaya zilikuwa chini ya ardhi. Mtukufu Mkuu, akiwa kwenye kifungua kinywa, aliona mshale wa Kwamgoyo ukipanda kuliko wa jimbo lolote tangu saa ile iwekwe, akafuta mdomo akasema hawa sasa ndio wananchi. Mtunguja akatangazwa amepita, na uchaguzi wa jimbo hilo ukafutwa ili kuokoa gharama.

Habari zikafika kijijini. Mama Tumsifu alikwenda akachukua kitenge kikuukuu, akauzungushia mchi wake, akafunga kwa kamba. Wenzake walipomwona, wakafanya vivyo hivyo. Tangu hapo Kwamgoyo wanatwanga mahindi taratibu, kinu kimewekwa juu ya magunia. Milango haibamizwi. Watoto wamefundishwa kutembea kwa kunyata, na kuni zinavunjwa kwa mkono, pole pole, ili mtu asije akaonekana ameunga mkono jambo. Wanakwenda lamboni peku. Wanazika bila ngoma, na wanazika mara kwa mara.

Ikulu, mshale wa Kwamgoyo ukalala chini kabisa ukatulia. Mtukufu Mkuu akaingiwa na wasiwasi, akaja Bungeni mwenyewe kuuliza jimbo lile lina nini.

Na hapo Mheshimiwa Ezekia Mtunguja akasimama. Hakuna aliyemzuia. Alikohoa, akaweka ile mikono minono nyuma ya mgongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya ubunge akaisemea Kwamgoyo.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "nimewatembelea. Wametulia. Ndivyo walivyo watu wakishatosheka na maji."

Meza zikapigwa.